Goti la Kuazima

Kwa mkono wa Mzee Yunusu, Dukani,
S.L.P. 41,
Sumbawanga.

17 Oktoba, 1976

Mpendwa Shangazi Epifania,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, shangazi yangu. Nakusalimu kwa makofi ya mikono miwili kama ulivyonifundisha, na magoti nayo yangekuwa chini kama yangekuwa bado yananitii. Hayo magoti ndiyo yaliyonikalisha kuandika, lakini nisikurupuke. Kwanza tujuliane hali.

Je, kifua chako kimepoa? Uliandika kwamba vumbi la Tabora linakukaba kila upepo ukianza. Kaka Zenon bado yuko Reli? Na wajukuu wako, wanajua hata neno moja la Kifipa au wamekwisha kuwa Wanyamwezi kabisa? Natania tu, usimwonyeshe mama yao.

Sisi huku hatujambo. Mama baridi ya Julai ilimshika kiuno, lakini jua hili la sasa limemnyoosha, na asubuhi anawahi shambani kuliko vijana. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa dume. Ulezi mwaka huu ulikubali. Mvua bado, mawingu yanakaa kule juu ya milima ya Lyamba lya Mfipa yakituangalia, kisha yanaondoka bila hata kuaga.

Nyumba yetu hungeitambua. Ile ya bondeni tuliiacha wakati wa Operesheni Vijiji, na sasa tumepangwa mistari kama mahindi, mlango unatazamana na mlango. Jirani akikohoa, wewe ndiye unayemwambia pole. Ajabu yake ni kwamba katikati ya milango yote hii nimekuwa mpweke kwa namna ambayo sikupata kuwa hata kule bondeni, tulikokuwa tunasikia fisi tu.

Habari za goti langu nadhani zilikufikia nusu. Niliumia Saba Saba ya mwaka jana, kata yetu ilipocheza netiboli na akina dada wa mjini. Niliruka kudaka mpira wa juu, nikatua unyayo ukiwa umeng'ang'ania ardhi na mwili wote ukiwa unageuka. Ndani ya goti kikalia kitu kama kijiti kibichi kinapovunjwa. Tulishinda. Watu wakanibeba juu wakiimba, wakadhani wamembeba mfungaji wao. Kumbe wamembeba mtu asiyeweza kutembea.

Baada ya hapo goti likawa linanasa. Naenda kisimani vizuri, mara linakataa kunyooka, nasimama njiani na ndoo kichwani mpaka mtu apite anishike mkono. Mama akanipeleka kwa mzee mmoja wa kule Muze anayejua kukanda. Alinikanda mpaka nikawaita watakatifu wote kwa majina, na goti likanasa vilevile. Ndipo bwana mganga wa mjini akasema wazi kwamba hili ni la kupasuliwa, na wapasuaji wake wako Dar es Salaam. Mzee Yunusu, Mungu amzidishie, akanipakia kwenye lori lake pamoja na magunia hadi Mbeya, na Mbeya nikapanda treni mpya.

Daktari alinieleza vizuri, sina lawama naye. Alisema katikati ya mifupa miwili ya goti kuna gegedu, ile nyama ngumu kama tunayotafuna kwenye mfupa wa kuku, na kazi yake ni kuizuia mifupa isisagane. Langu lilichanika, na kile kipande kilichochanika kikawa kinajibana kama tambara lililonasa kwenye bawaba ya mlango. Wakanilaza kwa dawa ya usingizi, wakapasua pembeni ya pia ya goti, wakakitoa. Nilipoamka niliomba nikione. Nesi akasema kimekwisha tupwa. Nilisikitika, maana nilitaka kukijua kitu kilichonitesa vile.

Huko wodini, shangazi, ndiko nilikokuwa na watu. Kitanda cha jirani alilala dada mmoja wa Singida, Adija, mrusha mkuki wa jeshini. Bega lake lilikuwa linachomoka kila akirusha, mwisho likawa linachomoka hata akivaa blauzi, ikabidi wamkaze nyama za mbele ya bega na kumfunga mkono kifuani. Mimi nilimsuka nywele, yeye kwa mkono wake uliobaki alinifungia mfuko wa mchanga kwenye kifundo cha mguu niunyanyue, maana daktari alisema paja lisipofanya kazi linanywea na goti halina wa kulishika. Adija alihesabu kwa sauti ya jeshi. Nikilegea ananiita raia. Tulikuwa tunasema, wewe mguu, mimi mkono, wakitukusanya hapa watapata mtu mmoja mzima na vipuri vya kuweka akiba.

Siku ya kuruhusiwa daktari aliniambia maneno haya, nimeyashika yote: "Utatembea, utalima, utabeba maji. Netiboli basi. Na goti hilo usilipige chini, wala usichuchumae. Umechelewa kuja, ndani limekwisha kukakamaa. Ukililazimisha litavimba, na safari ijayo sijui kama nitakuta cha kuokoa."

Nililia sana kwa ajili ya netiboli. Yeye naye alinibembeleza kwa ajili ya netiboli. Lile la goti kutopigwa chini lilipita hivihivi, si yeye wala si mimi aliyelitazama mara mbili. Yeye hakuzaliwa Ufipa. Mimi nimezaliwa huku na halikunigonga.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unakumbuka kwamba posa ya Kalisti tuliipokea kabla sijaumia, na wewe ulituma baraka zako. Niliporudi Juni, jambo la kwanza lilikuwa kwenda kumsalimu Mama Kalisti. Nikajifunga kanga mpya, nikaenda. Nikamkuta uani, na baba mkwe na ndugu zake wamekaa kwenye vigoda. Nikasimama mbele yao. Nikainama hadi mgongo ukauma, nikapiga makofi ya salamu, nikainama tena.

Mama Kalisti hakuniangalia usoni. Aliangalia ardhi mbele yangu, pale magoti yangu yalipopaswa kuwa. Akangoja. Nami nikabaki nimeinama. Halafu akageuka akaingia jikoni bila kuitikia, na wazee wakaanza kuzungumzia ng'ombe.

Jioni yake kijiji kizima kilikuwa na neno moja: huyu ameona treni. Amekwenda Dar es Salaam mguu mbovu na adabu nzima, amerudi mguu mzima na adabu mbovu.

Ningejitetea vipi? Plasta sina. Magongo nilirudisha hospitali. Natembea. Kovu ninalo, refu kama kidole changu cha kati, lakini liko gotini, shangazi, na goti la mwanamke linakaa ndani ya kanga. Nikunje kanga mbele ya baba mkwe ili nithibitishe kuwa nina adabu? Wewe uliyenilea ndivyo ulivyonilea? Mama alikwenda kueleza, akajibiwa kwamba goti linaloweza kupanda lori haliwezi kushindwa kufika chini. Mama akarudi amejikunyata.

Tangu hapo nimeachwa. Hakuna aliyenifukuza, ila hakuna anayenijia. Shamba la kijiji mtu huchuchumaa kupalilia na kuokota, nami siwezi kuchuchumaa, basi kamati ikaniweka kulinda ghala la mbegu. Kazi si ngumu. Watu wote wako shambani wanaimba, mimi nakaa na magunia. Nimeanza kuzungumza na panya, nao wana adabu, wananisikiliza. Mkutanoni kijana mmoja alisema kijiji cha Ujamaa hakifugi kupe, akanitazama mimi, watu wakacheka. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini lile liliniingia.

Jioni nasikia filimbi ya netiboli kule uwanjani. Wamempata mfungaji mwingine. Sijakwenda kumwona.

Kanisani ndiko kubaya zaidi. Wakati wa mageuzo ya mkate na divai kengele ikilia, kanisa zima linashuka kwa pamoja, nami nabaki juu peke yangu kama kisiki kilichosahauliwa shambani. Padri anajua, aliniruhusu mwenyewe. Nadhani Mungu pia anajua. Mama Kalisti anakaa benchi la mbele, lakini mgongo wake unaniona.

Na Kalisti, utaniuliza. Kalisti anasafiri na lori la Mzee Yunusu kwenda Kipili kuchukua samaki, kwa hiyo huwa hayupo, na akiwepo ni kama hayupo. Ni mwema, lakini mbele ya mama yake ulimi wake unalala. Alinichongea fimbo nzuri ya kutembelea, kichwani ameiviringisha ikae vizuri kwenye kiganja, akaja kuiegemeza mlangoni kwetu bila kupiga hodi. Mimi nilitaka mtu wa kusema. Nimepewa fimbo. Ninaipenda hiyo fimbo, nisikudanganye, lakini nayo haisemi.

Mwanzoni mwa mwezi huu akina Kalisti walimtumia Baba Mkubwa Alois ujumbe. Siku ya kunywesha pombe itakuwa Novemba, kabla ya Majilio. Bibi arusi amshikishe baba mkwe kibuyu cha pombe ya ulezi kwa magoti yake, wazee wakiona, kama wanawake wote waliomtangulia. Akikataa, posa imekwisha, kila mtu ashike njia yake. Baba Mkubwa alinisomea maneno hayo huku akitazama paa. Mimi nikasema nimesikia.

Shangazi, nampenda Kalisti. Naandika hivyo bila kuzungukazunguka kwa sababu hakuna mtu hapa niliyemwambia.

Basi Alhamisi iliyopita nikafanya jambo la kijinga. Nilikuwa peke yangu ghalani, kijiji chote kiko shambani. Nikawaza, daktari ni binadamu, labda alinitisha tu. Nikakunja magunia mawili nikayatandika, nikashika ukingo wa pipa, nikaanza kushuka polepole nikiuma kanga kwa meno. Na nikafika! Magoti yote mawili yakawa chini, uso wangu unatazama mlango. Nilifurahi hata nikacheka peke yangu. Nikanyoosha mikono kama niliyeshika kibuyu, nikafanya mazoezi ya kukitoa.

Kuinuka ndiko kulikonishinda. Goti lilijaa moto ndani, likagoma. Nikivuta pipa, pipa linakuja kwangu. Nikaita, upepo ukabeba sauti. Nikakaa hapo kwa magoti, machozi yananitoka, mpaka nikasikia hatua mlangoni.

Alikuwa Mama Kalisti, amekuja kuchukua mbegu za maharage.

Alisimama akaniona niko chini, magoti yameunganishwa, uso unamtazama yeye. Ningefanya nini? Nilipiga makofi nikasema shikamoo mama. Shangazi, uso wake ulifunguka kama mlango. Akaniitikia kwa salamu zetu zote, zile ndefu ambazo siku hizi watu wanazikata. Akaniuliza nyumbani wameamkaje, mama ameamkaje, ng'ombe, ndama, akiba ya chakula, hata waliokufa akawataja. Alikuwa ananipa salamu za miezi yote ile kwa mkupuo mmoja. Nami naitikia moja moja, makofi napiga, machozi yanadondoka magotini. Yeye akadhani ni toba.

"Basi, mwanangu, tumesalimiana," akasema. "Inuka."

Sikuinuka.

"Inuka, nimekwisha kukuitikia."

"Mama, siwezi."

Akanikaribia. Akanitazama, akatazama magunia niliyotandika, akatazama pipa lilivyoinama. Tulikuwa wanawake wawili tu, hakuna mwanamume karibu. Akainama mwenyewe, akafunua kanga yangu hadi gotini. Kovu likawa hapo, na goti lenyewe limeumuka.

Aliweka kiganja chake juu ya lile kovu, hakukiondoa. Mikono yake ni migumu kama ya mama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anajiambia mwenyewe: "Kumbe siku ile ulinisalimia."

Neno hilo nimelishika, shangazi.

Akanipitisha mikono kwapani akaniinua kama anavyoinuliwa mtoto. Akavua kilemba chake akanifunga goti, akanishika kiuno tukatembea katikati ya ile mistari ya nyumba, saa ile watu wanarudi kutoka shambani na majembe. Walisalimu, aliitikia. Hakumweleza mtu chochote. Mbegu zake alizisahau.

Nilidhani mambo yamekwisha, lakini mila haziishi kwa sababu mtu mmoja ameona. Mlangoni kwetu alimwambia mama: mimi nimeona, lakini wazee hawajaona, na hawataonyeshwa goti la mke wa mwanangu. Siku ya pombe goti lazima lipigwe. Kisha akauliza kama marehemu Baba aliacha dada. Akasema zamani, bibi arusi akiwa mgonjwa, shangazi yake wa damu alimwazima magoti. Shangazi anashuka, bibi arusi anasimama nyuma yake ameweka mkono begani, kibuyu kinapokelewa, na hakuna mwenye neno, kwa maana ukoo umepiga goti. Lakini awe dada wa baba. Si mama, si jirani, si binti mwingine.

Dada wa Baba ni wewe tu.

Najua ulivyoondoka tulipomzika Baba. Uligeuka pale kaburini ukasema Ufipa sasa huna tena cha kurudia. Nilikuwa msichana mdogo, lakini nilikusikia. Nilitaka kukushika nguo nikuulize, na mimi je? Sikuuliza, kwa sababu ulikuwa unalia, na mtoto haulizi mtu mzima anayelia. Miaka yote hii umetuma barua na kitambaa cha Krismasi, na mimi nimevaa kitambaa nikasoma barua, na lile swali limekaa pale pale.

Sikulaumu. Ila nakuuliza leo. Na mimi je, shangazi?

Njia ni ndefu, najua. Kifua chako nakijua. Kama magoti yako nayo yamezeeka, niambie tu ukweli, sitanuna. Nitamjibu Baba Mkubwa kwamba hatuna goti katika ukoo, na Kalisti ataoa binti mwenye magoti mawili. Nitaendelea na ghala langu. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kupiga goti, pale jikoni kule bondeni, ukinigusa mgongo nisikae kama chura. Magoti yangu yalitoka kwako. Naomba kuyaazima tena, mara moja tu.

Leo ni Jumapili, wote wamekwenda misani. Mimi nimebaki, mguu uko juu ya kigoda, mama amenifunga majani ya moto na uvimbe umeanza kushuka. Kijiji kimya. Nasikia kengele ya kanisa kwa mbali, najua sasa wote wamepiga magoti.

Pokea salamu za mama, na za Baba Mkubwa Alois, ambaye anasema uje na tumbaku ya Tabora. Mzee Yunusu anakusalimu, na anasema ukifika Mbeya uulizie lori lake, hutalala njiani. Mama Kalisti naye ameniagiza nimtaje, na hiyo ni ajabu yake. Msalimie sana Kaka Zenon na mkewe, na wajukuu wako uwabusu mmoja mmoja. Bikira Maria akuwekee pumzi kifuani na akufungulie njia.

Ulezi wa pombe tumekwisha kuupepeta, umo guniani pembeni ya kitanda changu. Mama Kalisti amekataza usilowekwe mpaka jibu lako lifike, kwa kuwa ulezi ukishalowekwa haurudi nyuma. Kila asubuhi mama anaingiza mkono guniani, kisha ananitazama. Bado ni mkavu, shangazi. Unakungoja wewe.

Mimi wako nikupendaye, niliyesimama nyuma yako,

Luciana